Usimrudishie Dani Ile Chupa

Kwa Mheshimiwa Phanice, dada yangu na mtawala wa jiko,

Uji uko kwenye thamosi. Dani, nyanya yetu, asikaribie samaki wa kukaushwa leo, moshi umemtosha.

Ile chupa ya dawa ya majani aliyoletewa na jirani, mama Lynnet, nimeificha. Huu si mzaha. Najua niliwahi kuficha hata meno ya bandia ya Dani, lakini leo nisikilize.

Asubuhi nilisimama mbele yake akaniita Levi, kana kwamba mimi ni mrefu kama kaka yetu. Nikacheka, nikidhani ananilipizia. Kumbe hakuwa akiniona vizuri. Macho mekundu, machozi yanatiririka, na anasema yana mchanga ndani. Akataka majani yayakaushe.

Daktari wa macho alimweleza kwamba macho yake ni makavu, ndiyo maana yanawashwa na kutoa maji ovyo. Dani akamcheka: "Mtu anayelia tangu Krismasi ana ukavu gani?" Akaacha matone ya hospitali, akashika majani.

Afumbe macho, umkande kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Usimtie kitu chochote machoni. ~~Usimwambie naogopa.~~ Mwambie naogopa, pengine atakubali.

Nimeenda hospitali Homa Bay kuchukua matone mapya na kumuuliza daktari kama tumpeleke leo hii. Dani akiniita mwizi, mwambie mwizi anarudi na dawa. Nikifika, msinitaje. Nitasimama mbele yake nimenyamaza, aniite jina langu mwenyewe.

Mdogo wako,
Joash (si Levi)