Nyuki Anayerudi Bila Kuuma

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Wewe na mama mnaendeleaje huko Sikonge? Kifua kimetulia? Mizinga imeingia nyuki? Sisi huku Japani ni wazima, ila baridi inapenya mpaka mifupani.

Baba, ndoa ni tamu! Kenji akirudi kazini huniita "mke wangu" kwa Kiswahili tangu mlangoni, mpaka majirani wamelishika neno hilo. Nampenda hadi naona haya kukuandikia.

Lakini nyumba yetu ina huzuni. Babu yake Kenji hataki kula. Ilianza siku ya sherehe yetu, wageni walipomsifu kwamba wakati wa vita alikuwa rubani wa zile ndege za kwenda kujilipua kwenye meli za adui, na kwamba hakuogopa kufa. Akaweka bakuli chini, basi.

Juzi nilimkorogea asali yako kwenye maji ya moto. Nikataka kumchekesha: "Babu, nyuki wa baba yangu wakiuma wanakufa. Kwa hiyo sisi tukikimbia, tunawaokoa!"

Hakucheka. Alisema, "Tulipangwa mstari. Wakatuambia, asiyetaka apige hatua mbele. Kila mtu akatazama miguu ya wenzake. Niliiogopa ile miguu kuliko kifo. Mchana tuliimba kwa nguvu. Tukishalala, unamsikia mtu chini ya blanketi anamwita mama yake."

Siku yake ilipofika, injini ilianza kuzima angani, akageuza ndege. Baba, anasema alicheka peke yake kwa furaha. Alipotua, alikuta kitanda cha rafiki yake, aliyeruka naye na hakurudi, kimeshatandikiwa mtu mwingine. Kicheko kile hajamwambia yeyote, hata marehemu mkewe. Mimi nisiyeweza kumficha Kenji chochote, nililia.

Kisha akaniuliza, "Nyuki anayerudi bila kuuma, wenzake humpokea?"

Nakumbuka nikiwa mdogo, jioni, tukiwatazama wakirudi mzingani, na wote waliingia. Lakini mimi ni bi harusi tu, ataona nambembeleza. Nilimwambia, "Nitamuuliza baba." Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza kama umejibu.

Najua msituni simu haishiki. Ukienda kwa shangazi kule Ipuli, mwambie arekodi sauti yako anitumie. Nitamfasiria babu mwenyewe.

Msalimie mama, shangazi, na kaka na tumbaku yake kule Usoke.

Baba, nenda wiki hii. Amekonda sana.

Binti yako akupendaye,
Veronika