Mstari Niliouruka

Oldeani, Jumamosi

Baba,

Tangu tukuzike, uwanja wako wa tenisi haujapigwa chokaa. Meneja wa shamba ameruhusu watu waanike mahindi juu yake. Lile pipa la chuma ulilolivuta kila asubuhi kusawazisha udongo limeegemezwa kwenye ua, na kuku wanataga nyuma yake. Nilipita pale jana nikashindwa kutazama.

Nakuandikia kwa sababu ya pambano la kesho. Wale wachezaji wawili wa kulipwa wanakutana huko Ulaya alasiri, redio ya kilabu itatangaza kwa Kiingereza, nami nitawafasiria watu kama nilivyokufasiria wewe. Karibu wote wameweka dau kwa yule wa mkono wa kushoto. Wanasema ulimtabiria ushindi ukiwa kitandani, siku tatu kabla hujatutoka, na neno la marehemu halipingwi.

Baba mdogo ameweka dau mtamba wa Mama. Yule mwekundu, Baba, uliyemwachia Mama. Anashindana na Shabani, dereva wa trekta, ambaye ameweka baiskeli yake kwa yule mwingine, kijana mrefu. Mama hakuulizwa. Aliposikia alikaa chini palepale jikoni, ufagio mkononi, akasema tu, "Basi."

Nilimfuata Baba mdogo. Akacheka. "Kaka hakuwahi kukosea akiwa hai, atakosea leo? Shule imekufundisha ubishi!" Shabani naye akadakia, "Bwana, acha binti aseme. Mimi nashindana na marehemu, hata kunizomea hawezi!" Wakacheka wote. Niliondoka bila kusema nililoliendea.

Sasa nakwambia wewe kwanza.

Siku ile nilikusomea gazeti la meneja, nikitafsiri mstari kwa mstari. Homa ilikuwa imekushika lakini ulikuwa umefurahi, umeegemea mto, ukiuliza, "Miguu yake je? Wameandika nini juu ya miguu?" Ulikuwa ukitufundisha kwamba mkono hudanganya na mguu husema kweli. Na mstari uliofuata ulisema goti la yule wa mkono wa kushoto limevimba, anafanya mazoezi amelifunga bandeji. Niliuona. Ulimpenda mchezaji yule, nami sikutaka kukuona ukihuzunika. Nikauruka. Nikasema, "Hawakuandika kitu, Baba." Ndipo ukatabiri.

Ungeusikia ungetabiri vingine. Najua. Ungejikuna kidevu, ungesema, "Basi ni yule kijana mrefu."

Nimekesha na jambo hili wiki tatu. Nilidhani nalinda jina lako nikinyamaza. Lakini jina gani, Baba, likimlia Mama ng'ombe wake?

Wewe ndiye uliyeweka kanuni pale kilabuni: aliyetabiri anaweza kuondoa utabiri wake kabla redio haijafunguliwa, na madau yote yaliyowekwa juu yake yanarudi kwa wenyewe. Wewe huwezi kusimama. Mimi ninaweza. Macho uliyosomea gazeti yalikuwa yangu, na uongo ulikuwa wangu.

Gazeti lenyewe ninalo. Nimelitoa chini ya godoro lako. Kesho tukitoka kanisani nitakwenda moja kwa moja kilabuni, kabla Baba mdogo hajapata pombe ya kumpa kiburi. Nitasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw ili shangazi zako nao wasikie. Nitasema, "Baba hakukosea. Mimi nilimficha." Watanitukana. Huenda wengine wasiniamini tena ninapofasiri redio. Shabani atakasirika kukosa mtamba, lakini kanuni anaijua, alikuwepo ulipoiweka.

Naogopa, Baba. Lakini nimekwisha amua.

Nisamehe kwa siku ile. Pumzika sasa, mimi nipo na Mama. Wakianza kunizomea nitasubiri wamalize, kisha nitasoma tena tangu mwanzo, na ng'ombe wake hatatoka zizini.

Binti yako