Mama Bado Yumo Kwenye Orodha ya Wakufunzi

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukuzike, na chuo cha uuguzi bado kinasema unafundisha. Naandika gazetini humu mimi, kifungua mimba wako, kwa niaba ya nyumba nzima. Baba amenikataza kutukana, nami nitajitahidi.

Tunakukosa kwa mambo madogo madogo. Hakuna tena anayetukagua kucha kabla ya kula. Vitanda vinatandikwa ovyo siku hizi. Wewe ulikuwa ukizikunja kona za shuka kama za wodini, mpaka Baba analalamika kwamba anaingia kitandani kama barua kwenye bahasha. Ulikuwa ukimcheka, kisha unazikaza zaidi.

Wanafunzi walikuita Mama Rudia. Aliyekosea kufunga kidonda alirudia, na aliyepatia alirudia pia, ili ujue hakubahatisha. Sanamu ya mazoezi ilipovunjika mkono, ulikunja mkono wa gauni ukawapa wako wajifunze kuchoma sindano. Ulirudi nyumbani na alama, unacheka.

Kanuni ilisema mkufunzi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi kumi wodini. Ulisimama mlangoni ukiwahesabu, na wa kumi na moja ulimwambia, "Mwanangu, ngoja zamu ya mchana." Mkuu wa chuo yeye akadahili mara tatu ya idadi iliyoruhusiwa, kisha akakuletea madaftari ya mazoezi ya watu ambao hujawahi kuwaona wakimgusa mgonjwa.

"Mama, tia saini tu. Unawachelewesha watoto wa watu."

"Na mgonjwa naye ni mtoto wa watu," ukamjibu, ukamrudishia kalamu yake.

Wiki iliyofuata alikuhamishia stoo ya mashuka. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, ukaishia kupanga foronya! Hukutuambia lolote, tuliona tu umeacha kuimba ukipiga pasi sare. Ulikaa humo miezi minane, mpaka ugonjwa wa moyo ukakuchukua. Na mazikoni ni yeye huyo huyo aliyeshika kipaza sauti akasema chuo kimepoteza nguzo, akajifuta machozi. Tulimwacha amalize kwa heshima yako.

Mwezi uliopita kitinda mimba wako, anayesoma mwaka wa pili hapo hapo, aliikuta ubaoni orodha ya wakufunzi iliyoandaliwa kwa ajili ya wakaguzi. Jina lako lilikuwa la tatu. Umepangiwa wodi ya upasuaji, wanafunzi thelathini na wanne, na saini yako ipo, ya mwezi huo huo. Alilia pale pale koridoni. Nilipomwendea mkuu wa chuo, aliniambia kwa upole, "Ni makosa ya karani tu, mwanangu. Tutarekebisha wakaguzi wakishaondoka."

Basi na ijulikane: mama yetu alifariki. Anayetaka tarehe ataikuta chini ya picha yako. Tumewaomba wachapaji waikoleze. Njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia Jumatatu saa tatu asubuhi, wakaguzi watakapoita majina ya wakufunzi. Wakifika kwako, tutaitika sisi. Baba atakuwa na cheti cha kifo. Dada yako atakuwa na gazeti hili, nakala moja kwa kila mkaguzi. Kitinda mimba tulimwonya kwamba anaweza kufukuzwa, akasema afadhali afukuzwe kuliko kuhitimu kwa saini ya marehemu. Huyo ni wako kweli.

Majirani wanatusihi tusamehe. Tutasamehe, lakini kuanzia Jumanne.

Unakumbukwa na mume wako, wanao watatu, dada yako, wajukuu wako wawili, na wauguzi wote uliowaambia warudie. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Pumzika, Mama. Zamu yako imekwisha, nasi tutasimama pale mpaka waiandike hivyo.