Buti la Ekseli Lililoyeyuka

Ushirombo,
Wilaya ya Kahama.
21 Oktoba 1986

Mpendwa Kaka Otmar,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Baridi ya huko imeanza? Kifua chako je? Sisi ni wazima, ila mimi nimekosa utulivu, na sababu utaiona.

Mvua zilianza Jumapili. Mama amekwisha panda mahindi, anasema ninakonda bure.

Lile buti ulilotutumia, la kufunika kiungo cha ekseli ya mbele ya gari la parokia, lilifika tarehe 3. Tulilifunga tarehe 6. Tarehe 14 kisiki kililichana kwenye njia ya Masumbwe, grisi ikaanza kutoka.

Fundi Januari alilivua, akalibana kwa kiraka cha moto kama tunavyoziba tyubu siku zote. Likayeyuka. Tundu likawa la kupita kidole gumba. Wenzake gereji wakamcheka: "Fundi, Wazungu wamekutumia mshumaa." Akawajibu, "Basi pigeni magoti."

Mimi sikucheka. Wewe ulikwisha niandikia kwamba kiwandani kwenu, kwa vitu vya namna hii, mmeacha mpira unaopikwa na salfa; mnatumia kitu kinachonyumbulika kama mpira, lakini kwenye moto huyeyuka kama plastiki. Barua hiyo niliisoma mara mbili, nisimwambie Januari neno.

Kesho yake nililishika tena. Pale palipoyeyuka na kupoa palikuwa pananyumbulika kama kwanza. Nilikuwa nimetunza ukingo wa ziada tulioukata wakati wa kulifunga. Nikapasha kisu, nikayeyusha ncha za vipande viwili, nikavibana hadi vikapoa. Nilivikunja mara mia tatu, havikuachana. Ndipo nikaziba tundu kwa njia hiyo hiyo. Tangu tarehe 17 gari linatembea na grisi haijatoka, ila ni safari za hapa hapa tu.

Sasa, kaka, mimba ya mke wangu Serafina imebakiza wiki mbili na mtoto amelala kwa kukingama. Mganga amesema apelekwe hospitali ya Kolandoto akapasuliwe. Tunaondoka keshokutwa, Alhamisi, kwa gari hilo. Lori la pamba lipo, lakini kwa mashimo yale siwezi kumpandisha. Mchanga ukiingia kwenye kiungo kikavunjika katikati ya pori, hakuna wa kutuvuta. Mwenyewe ananiambia, "Baba Donatus, vipande umevikunja mara mia tatu, mimi umeniuliza mara mia nne. Twende."

Nitashuka kila kilomita thelathini nilishike kwa mkono, niandike nilichokuta.

Najua jibu lako litachukua wiki tatu, na kwa safari ya kwenda limekwisha chelewa. Lakini tutakaa huko hadi kidonda kipone, na tutarudi kwa gari lile lile. Waulize wenzako wanaoyamimina mabuti hayo: mahali palipoungwa kwa kisu cha moto hushika hadi lini? Usinifariji. Kama hapafai, andika hapafai, na uitume barua hospitali ya Kolandoto kwa jina la Serafina. Sitamtoa kitandani na mtoto mchanga kabla sijaisoma.

Mama, dada Justina na mwanangu Donatus wanakusalimu sana. Mungu akulinde ugenini, nasi atulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Tarsisi