Baba, Hukusoma Bure

Mpendwa Baba,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Kabla hujaamka kujiandaa kwenda zamu ya usiku, nilikuwa najifungia chumbani kwangu nafanya mazoezi ya kuzungumza nawe. Nilipanga sentensi za Kiswahili kwa kunong'ona. Nilikuuliza habari za kazini, nikakusimulia kitabu nilichokuwa nasoma, nikarudia neno gumu mpaka likae vizuri mdomoni. Kisha ulitoka umevaa sare ya hospitali ukaniuliza, "Profesa, umeshindaje?" na mimi nikakujibu kwa Kiingereza, neno moja tu. Sentensi zangu zote zilibaki chumbani.

Hukunilaumu hata siku moja. Ulisema nyumba yetu ina redio mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na zote zinasikika. Leo nakuandikia kwa Kiswahili, polepole, kamusi ikiwa pembeni. Nikikosea mahali, cheka tu.

Nataka kukueleza kilichotokea chuoni wiki hii, lakini siwezi kufika huko bila kuanzia siku uliyorudi nyumbani umenuna.

Ulikuwa umekwenda kujiandikisha masomo. Kwa miaka mingi huku ughaibuni ulikuwa unasukuma vitanda vya wagonjwa, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kuwarudisha, na ukawa umeamua kwamba unataka kuwa nesi. Nyumbani Tanzania uliishia kidato cha pili ada ilipokosekana, kwa hiyo chuo kilitaka uanze na Kiingereza na hesabu. Hilo ulilikubali. Kilichokuuma ni maneno ya mwisho ya karani, kwamba angekupeleka kwa watu wa "Foundation".

"Wananirudisha msingi," ulimwambia Mama, hata koti hujavua.

"Msingi gani, Baba Neema?"

"Shule ya msingi! Foundation si ndiyo msingi? Wameniangalia usoni wakaona huyu ni wa darasa la kwanza."

Mjomba Festo alikuwa amekuja kumsalimia dada yake, akitokea mtaani kwake Woolwich, na alikuwa anakula. Alicheka mpaka akapaliwa. "Shemeji, kwa hiyo unavaa kaptula na soksi ndefu? Na baridi hii?"

"Navaa. Na wewe utanishika mkono mpaka getini, unibebee na ufagio."

Tulicheka wote, ila wewe ulikwenda kulala bila kula. Shuleni kwetu mtihani wa hesabu ulio mwepesi huitwa jina hilo hilo, kwa hiyo hata mimi niliamini kwamba wamekushusha. Wiki ile hukurudi chuoni, wala iliyofuata.

Aliyepiga simu ni Miss Pauline. Ulikuwa umelala na Mama alikuwa kazini, kwa wazee anaowahudumia majumbani, ikabidi nipokee mimi ninayeogopa simu kuliko ninavyoogopa mbwa. Alisema anafanya kazi chuoni na alitaka kujua kwa nini hukutokea. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba umesikia unapelekwa darasa la watoto. Akasema, "Hapana, kipenzi, hapana," akanieleza taratibu. Foundation ya chuo si darasa, ni mfuko. Wanaochangia ni watu waliowahi kusoma pale, wenye maduka ya jirani, wastaafu, na wengine ambao hawataki hata kutajwa. Kazi ya mfuko ni kuangalia kitu gani kinaweza kumkatisha mwanafunzi masomo, iwe nauli, chakula cha mchana, kompyuta au mtu wa kumwelekeza, na kukiondoa mapema.

Nilikuja nikakaa ukingoni mwa kitanda chako. Sentensi ile sikuwa nimeifanyia mazoezi.

"Baba, siyo msingi. Ni mfuko."

Ulifungua jicho moja. "Mfuko wa nini?"

"Wa watu. Wao wanaweka, wewe unachukua unachohitaji ili usome."

"Na kaptula?"

"Hakuna kaptula."

Ulicheka ndani ya blanketi mpaka kitanda kikatikisika. Kesho yake ukaenda.

Chuo kina maelezo yaliyoandikwa vizuri kuhusu jinsi mfuko unavyosaidia wanafunzi wafanikiwe. Nimeyasoma yote, unanijua. Lakini hayafanani na nilichokiona kwetu. Nilichokiona ni wewe kutoka zamu ukaenda kwenye kile chumba kidogo karibu na maktaba, ambako mfuko uliweka makochi na birika la umeme, ukapumzika kabla ya kipindi badala ya kupitiwa na usingizi kwenye basi. Nilikuona unabeba kompyuta ya kuazima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kila Jumamosi ulikaa na nesi mstaafu ambaye mfuko ulikutafutia, akakufundisha asilimia kwa kutumia vipimo vya dawa, nawe ukazileta mezani kwetu. "Nimekula asilimia themanini ya ugali huu," ulisema. "Nani anamalizia iliyobaki, na ni ngapi?"

Na nakumbuka ulipofeli mtihani wa hesabu. Ulitusimulia mwenyewe, huku umesimama katikati ya sebule unamwigiza Miss Pauline anavyotembea. Siku ya matokeo hukuingia darasani. Ulikwenda kituoni kusubiri basi la kurudi nyumbani, ukiwa umeamua kwamba yamekwisha. Miss Pauline akakufuata bila koti, kwenye mvua.

"Nikamwambia, mama, mimi nimeshindwa, basi langu hilo linakuja. Akaniambia, liache lipite, yapo mengine. Twende tukanywe chai." Ulitikisa kichwa. "Yule mama haelewi neno hapana."

Mfuko ulikulipia mtihani wa marudio mpaka ukafaulu, ukaingia kozi ya kujiandaa na unesi. Ulianza kuvaa kadi ya mwanafunzi shingoni pamoja na kadi ya kazi, hata siku za mapumziko, mpaka Mama akakwambia unafanana na ng'ombe wa mnada.

Halafu moyo wako ukasimama. Sitaiandika siku hiyo. Nitaandika tu kwamba Miss Pauline alikuja msibani, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na kina mama. Hakuelewa wimbo hata mmoja, na hakuondoka mpaka wa mwisho.

Kwenye arobaini yako Mjomba Festo alilia kuliko watu wote. Alipotulia akasema, "Masikini shemeji wangu. Kasoma bure."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini nilikwenda kulitazama neno lile kwenye kamusi, nikakuta lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Ulisoma bure, ni kweli, hukutoa hata senti. Je, ulisoma bure? Nilikaa na swali hilo miezi mingi. Nilikuwa nalo kwenye treni, nikiwa nasoma, nikiwa naosha vyombo. Sikumwuliza mtu kwa sababu niliogopa angenijibu.

Mwaka huu nimeanza masomo ya A-level katika chuo chako. Wiki mbili zilizopita Miss Pauline alinikuta maktaba, katikati ya rafu, mahali ninapojificha wakati wa chakula. Aliniambia kwamba fungu la kusaidia wanafunzi watu wazima linaweza kufungwa, pamoja na kile chumba cha makochi. Wachangiaji wengi wanapenda kusaidia vijana, watu watakaopigwa picha wakiwa wamevaa joho. Wiki hii kungekuwa na mkutano wa wachangiaji, mchana, baada ya vipindi. Aliuliza kama ningeweza kusimama nikaeleza habari zako.

"Hata dakika chache," alisema. "Na ukikataa, bado tutakuwa marafiki."

Nilimwambia nitamwuliza Mama. Nadhani nilitumaini Mama atakataa ili nisiwe mimi niliyekataa.

Mama alikuwa anamenya viazi. "Hapana," alisema. "Baba yako hakuwa ombaomba. Alifanya kazi mpaka siku yake ya mwisho. Leo umsimamishe mbele za watu useme alikuwa anapewa chakula?"

"Watafunga kile chumba, Mama."

"Wafunge. Wewe huendi kuulizwa kanisani. Nitaulizwa mimi. Eti, Mama Neema, kumbe mumeo alikuwa anasaidiwa?"

Nilikuwa karibu kurudi chumbani kwangu. Sijui nilipata wapi sauti. "Mama, Mjomba alisema Baba kasoma bure. Sitaki hilo liwe neno la mwisho juu yake."

Akaacha kumenya. Alikitazama kiazi kile mkononi. "Fanya unavyoona," alisema. "Mimi siji."

Nilikwenda peke yangu. Hawakuwa watu wengi: wazee kadhaa waliokuwa walimu, mama mwenye saluni, vijana wawili wa suti, na sahani za biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Karatasi yangu niliiweka mezani. Nilianza kwa sauti ndogo. Bibi mmoja nyuma akasema hasikii, nikaanza upya. Niliwaeleza kuhusu msingi na kaptula, wakacheka, na nilishangaa kusikia ukumbi mzima ukicheka utani wako. Niliwaeleza kuhusu kituo cha basi. Nikawaambia kwamba katika lugha yetu kupata kitu bila malipo na kukipata bila faida ni neno moja, na kwamba ndugu zako hawana hakika wewe ulipata kipi.

Mzee mmoja anayetengeneza funguo sokoni aliinua mkono. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua. "Kwa hiyo baadaye akawa nesi?"

Nilimwona Miss Pauline anataka kunijibia. Nikamwahi.

"Hapana," nilisema. "Alifariki kabla hajamaliza. Alifariki akiwa mwanafunzi, na alitaka kuwa mwanafunzi tangu akiwa na umri wangu. Kama mnahesabu waliomaliza tu, baba yangu msimhesabu. Lakini aliyemfuata kwenye mvua siku ile hakuwa anajua kama atamaliza. Alimfuata tu."

Nikakaa. Watu walipiga makofi kidogo, kisha wakaanza kula biskuti. Sijui kama fungu lile litabaki. Miss Pauline anasema tutajua mwisho wa muhula.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa jikoni, chakula amekifunika. Hakuniambia nile.

"Ulisema nini?"

Kule nilikuwa nimezungumza Kiingereza. Ikabidi niseme yote tena kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama mlangoni na begi mgongoni. Kuna maneno yalinikwama, akanisaidia. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye mtihani wa hesabu. Hapo akainua mkono.

"Uliwaambia alifeli mara moja?"

"Ndiyo."

"Alifeli mara mbili. Ile ya pili alinikataza nisikwambie. Ulikuwa na mitihani yako, akaogopa utakata tamaa."

Mama akaanza kucheka, Baba, huku machozi yanamtoka, na tangu uondoke sikuwahi kumsikia akicheka kwa ajili yako.

"Na yule mwanamke alimfuata mara zote mbili," alisema. "Ukiwaambia tena, useme sawasawa. Mara mbili."

Tukala. Kesho yake niliondoka nyumbani mapema. Kabla ya kipindi cha kwanza nilikwenda ofisini kwa Miss Pauline, nikamwambia kwamba nilikosea jambo moja kwenye maelezo yangu, na kwamba mama yangu amelisahihisha. Nikamwambia pia kwamba akihitaji tena mtu wa kuzungumza, aniite. Kisha nikaenda darasani.

Naishia hapa. Mama anakusalimu, na ni yeye aliyesema niandike hivyo.

Binti yako,
Neema