Jino Langu na Tanuri la Baba

Outeiro de Cima,
Oktoba 6, 1994

Mpendwa Dada Deolinda,

U hali gani huko Luxemburg? Mgongo umepoa? Na shemeji bado anakoroma kama trekta? Sisi tu wazima. Zabibu tumezivuna, na mvinyo mpya unanitazama kwa jicho baya.

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha jino langu la mbele, lililotutoka baada ya kuutumikia mkate wa mahindi kwa miaka arobaini. Limezikwa katika shimo la udongo. Padri hakualikwa.

Barua yako nimeipata. Unasema Adelino asikanyage tena karakana ya Baba, na fungu lako la urithi unaniachia mimi. Yote hayo kwa sababu nilikwambia kwa simu kwamba mdogo wetu kapandwa na wazimu, kanivunja jino, kavunja na vyungu mbele ya Dona Graziela, yule mama wa chama cha kusaidia wafinyanzi.

Wasalimie watoto, na Shangazi Hermínia. Nilitaka kuishia hapo. Kalamu imekataa.

Dada, ilikuwa hivi. Dona Graziela alikuja kutazama tunavyochoma. Vyungu vikitoka vyeusi kama vya Baba, chama kingetuezekea paa jipya. Adelino alifunika tanuri kwa matawi mabichi ya msonobari, akamwaga udongo juu, akaushindilia kwa koleo mpaka moshi ukakoma kutoka, ubaki ndani uvitie vyungu weusi.

"Kaka, mtu asiguse mpaka kesho. Hata Papa akija, mpe kiti asubiri."

Akaenda kula. Mama wa watu akaomba picha ya moto. Unanijua mbele ya kamera. Nilivuta tumbo ndani, nikafukua udongo, moto ukaruka, nikatabasamu. Kisha nikafukia, nikanyamaza.

Kesho yake vyungu vikatoka vyekundu, vina mabaka kama ng'ombe mgonjwa.

"Nani kafukua?" Adelino akauliza.

"Wewe ndiye hukuziba, mlevi we!" Mbele ya mgeni, Dada. Mtu ambaye hajaonja mvinyo tangu tumzike Baba.

"Rudia, Firmino." Hata ukaka ulikuwa umekwisha.

Nikarudia. Halafu nikachukua gongo la kupondea udongo, nikampiga nalo sikioni. Damu ikamchuruzika mpaka shingoni. Yeye alinipiga ngumi moja tu, ndiyo hiyo ya jino. Vyungu nilivivunja mimi, kimoja kimoja, kichwani na mgongoni mwake, naye amejikunyata ukutani akisema, "Basi kaka, basi." Dona Graziela ndiye aliyenishika mkono.

Adelino hajamweleza mtu. Amefunga mizigo, mwisho wa mwezi anakwenda Ufaransa kubeba zege, yeye mwenye mikono ya Baba. Mimi nafinyanga visahani vya majivu ya sigara.

Fungu lako mpe yeye. Kwa Dona Graziela nakwenda kesho kukiri kwamba tanuri nililifukua mimi, na Jumapili nitamwomba Adelino msamaha mlangoni pa kanisa, watu wote wasikie. Wewe mpigie simu pale baa kwa Tibúrcio. Mwambie aiweke sikio la kulia. La kushoto halisikii tena.

Mungu akuweke, hata kama mimi hutaki kuniona.

Nduguyo mwenye pengo, anayekupenda,
Firmino