Jina la Kwenye Boksi la Mablanketi

Bellevue, Johannesburg

Kaka Ulimboka,

Shikamoo. Rambirambi zenu za msiba wa mume wangu zilifika. Huku baridi imekaza na goti langu halinisahau. Mpwa wako Lerato hajambo, ingawa Kiswahili anakisikia tu, kujibu anajibu kwa Kizulu.

Alitafuta ukoo wa baba yake kwenye simu, apate la kusoma mazishini. Akina Haskerby, anasema, walitokea kijiji kimoja cha wafuga kondoo kaskazini mwa Uingereza. Duniani hawafiki mia mbili: wengi wako palepale, wachache Kanada, na Afrika Kusini nzima ni nyumba moja tu, yetu. Akaniuliza babu yake Mwingereza ni yupi.

Nilishindwa kumwambia kwamba baba yake alilitoa jina hilo kwenye boksi la mablanketi ya msaada, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini pale Mazimbu, nawe ukifanya kazi huko. Aliwahi kuandika barua nyumbani kwa jina lake la kweli. Kaka yake akakamatwa na polisi wa Makaburu, hakuonekana tena. Tangu hapo hakulitaja, hata kwangu, hata tulipohamia huku.

Jumamosi tulimzika. Kwa desturi yao mzee husimama kaburini akataja majina ya ukoo, ili waliotangulia wajue nani anakuja. Hakusimama mtu. Mchungaji aliomba, tukafukia.

Ulilala naye chumba kimoja kambini miaka mitatu. Kama aliwahi kukunong'oneza jina lake la kweli, niandikie upesi. Fundi wa jiwe la kaburi nimemwambia aandike Thabo, chini yake aache wazi. Na hilo Thabo lenyewe, kaka, sina hakika nalo.

Mdogo wako,
Hedwiga